Mpira wa Mkojo Nyumbani: Vidokezo 14 vya Kuishi Nao Vizuri

Mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani na mpira wa mkojo hupewa dawa, huambiwa tarehe ya kliniki, basi. Mengine anajifunzia mwenyewe: mfuko uning'inie wapi, avae nini, akipanda daladala itakuwaje, wageni wakija afanyeje. Wengi ni wazee wenye tezi dume wanaosubiri upasuaji. Wengine ni vijana walioumia uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda, watu waliopata kiharusi, au akina mama ambao kibofu kimegoma kutoa mkojo. Wapo wanaokaa nao wiki chache, wapo wanaokaa nao miaka. Vidokezo hivi ni vyao na vya ndugu wanaowahudumia, maana mara nyingi anayeushika mfuko ni mke, binti au mjukuu.

1. Kunywa maji, mfuko ujae tu

Nimeliweka la kwanza makusudi. Aibu ya mfuko huwafanya watu wengi wapunguze maji ili usijae, hasa wakiwa na safari au ugeni, na hapo ndipo shida nyingi zinapoanzia. Mkojo mchache huwa mzito, na mkojo mzito huacha chembe za chumvi ndani ya mpira. Chembe hizo hujenga ukoko kidogo kidogo, mpaka usiku mmoja mpira unaziba na mzee anaamka tumbo la chini limevimba na linauma.

Lita 1.5 hadi 2 kwa siku zinawatosha watu wazima wengi, na joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa linadai zaidi. Jaza chupa ya lita 1.5 asubuhi, iwe imekwisha kabla ya kulala. Uji, supu na chai navyo vinahesabika. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari wake. Wengine waangalie rangi: mkojo wa njano hafifu maana yake maji yanatosha.

2. Mfuko usipande juu ya kiuno

Hakuna pampu humo ndani. Mkojo unashuka kwa sababu mfuko uko chini ya kibofu. Ukiinuliwa juu, mkojo uliokwisha kukaa humo na kuota bakteria unarudi ulikotoka. Kosa hili hutokea sana wakati wa kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti: anayemsaidia anauchukua mfuko na kumpakatisha ili mikono yake iwe huru. Mfuko ushikwe na mtu wa pili, au utangulie kuning'inizwa kwenye kiti, chini ya usawa wa mapaja, ndipo mgonjwa ahamishwe.

Usiulaze sakafuni pia. Utundike kwenye ubao wa kitanda kwa ndoano au kipande cha waya, ama uuweke ndani ya ndoo safi isiyo na kazi nyingine. Kwa anayelala kwenye godoro lililotandikwa chini, mfuko hauna pa kushukia kabisa. Tafuteni matofali na chaga, mlipandishe godoro hata lifike usawa wa magoti.

3. Kagua mpira kabla ya kuzima taa

Chandarua ni adui asiyetajwa. Jioni mtu anakichomeka chini ya godoro vizuri kabisa, na mpira anaukandamiza humo humo. Asubuhi mfuko mtupu, shuka limelowa. Kila usiku, chandarua kikishashushwa, pitisha mkono juu ya mpira kuanzia pajani hadi mfukoni: usiwe umekunjika, usiwe umelaliwa, usiwe umebanwa.

4. Mkojo ukikoma, fuata mpangilio huu

Kwanza tafuta mkunjo. Mpira wa mkojo ukikunjwa hufanya kama mpira wa kumwagilia bustani, unakata palepale. Pili, tazama kama mfuko umejaa sana au umepanda juu. Tatu, mgeuze mgonjwa upande wa pili, au akae, au atembee kidogo kama anaweza, kwa sababu tundu la mpira huweza kuwa limegandamana na ukuta wa kibofu. Nne, jiulize mara ya mwisho alipata choo kikubwa lini, maana choo kigumu nacho hubana mpira.

Kama yote hayo yamefanyika na saa 2 hadi 4 zimepita bila mkojo, mpelekeni kituo cha afya. Kama tumbo la chini limevimba au linauma, msisubiri hata hizo. Na msijaribu kuzibua kwa bomba la sindano, isipokuwa muuguzi amewafundisha na kuwaruhusu.

5. Ufunge pajani, lakini uuachie nafasi

Ndani ya kibofu mpira unashikiliwa na puto dogo linalojazwa maji safi yaliyotakaswa, kwa kawaida mililita 10 kwa mtu mzima. Puto hilo ndilo linalozuia mpira usichomoke. Kwa hiyo mfuko mzito ukining'inia bila kufungwa, uzito wote unavuta puto na shingo ya kibofu. Mvuto wa namna hiyo ukiendelea kwa miezi huchana njia ya mkojo. Kwa wanaume huweza kuupasua uume upande wa chini, na jeraha hilo ni gumu kutibu. Hata hivyo kulizuia kunahitaji plasta tu, au mkanda laini wa kitambaa.

Funga sehemu ya juu ya paja, uache mpira ulegee kidogo ili mguu uweze kunyooka bila kuvuta. Badilisha paja kila siku au kila baada ya siku chache ili ngozi ipumzike. Mkanda usikaze mpaka uache alama.

Kamwe usiuvute mpira utoke, wala usiukate kwa mkasi. Puto huondolewa maji kwa bomba la sindano kupitia mdomo wake maalumu, na kazi hiyo ni ya aliyefundishwa. Hili liwe wazi hasa kwenye nyumba yenye mzee anayechanganyikiwa, kwani mikono yake huufuata mpira usiku. Mvalishe kaptura au pajama ya kuuficha mpira asiuone.

6. Sabuni ya kawaida inatosha

Kuoga kila siku ni ruhusa, hata kwa kujimwagia maji kwa kopo. Osha mahali mpira unapoingilia, kisha futa mpira wenyewe kuanzia mwilini kwenda nje, si kinyume. Mwanamke ajioshe kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanaume asiyetahiriwa avute govi nyuma, aoshe, kisha alirudishe mahali pake. Likisahauliwa nyuma huvimba na kukaba, na hiyo ni dharura ya hospitali. Dettol, spiriti, poda na marashi visifike huko. Mafuta ya mgando nayo yaachwe, yanaudhoofisha mpira wa lateksi.

Anayehudumia anawe mikono kabla na baada. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa.

7. Usitenganishe mpira na mfuko bila sababu

Kila mara unapochomoa mfuko unafungua mlango kwa vijidudu. Mwaga mkojo kupitia koki ya chini, basi. Kama unatumia mfuko mdogo wa mguuni mchana, usiuondoe usiku: chomeka mfuko mkubwa wa lita 2 kwenye koki yake ya chini, fungua koki, mkojo upite moja kwa moja. Asubuhi chomoa ule mkubwa tu. Mfuko wa mguuni wenyewe hubadilishwa kila baada ya siku 5 hadi 7, au mapema zaidi ukivuja au ukichafuka.

8. Mwaga ukifika nusu au theluthi mbili

Kopo la kumwagia liwe la kazi hiyo peke yake, lioshwe na kukaushwa. Mdomo wa koki usiguse kopo wala sinki la choo. Funga koki kabla hujanyanyuka. Wengi wamelowesha kanzu kwa kusahau hilo.

9. Choo kigumu ni tatizo la mpira pia

Utumbo mpana umekaa nyuma ya kibofu, jirani kabisa. Ukijaa choo kigumu unakisukuma kibofu na kubana mpira, na mkojo unaanza kuvuja pembeni. Papai, maembe, matembele, mchicha, maharage, ukwaju na maji mengi hufanya kazi nzuri. Kama siku tatu zimepita kavu, zungumza na mhudumu wa afya mapema.

10. Kuvuja pembeni hakutibiwi kwa mpira mnene

Hapa watu hukosea, hata baadhi ya wahudumu. Mkojo ukivuja kando ya mpira, wazo la kwanza ni kuweka mpira wa namba kubwa zaidi uzibe vizuri. Mara nyingi sababu ni nyingine: mpira umeziba, choo ni kigumu, au kibofu kinajikunja kwa nguvu kujaribu kuutoa mgeni aliyemo. Mpira mnene unakikera zaidi, unavuja zaidi, na unaipanua njia. Kwa kibofu kinachojikunja zipo dawa, daktari atapanga.

Namba zilizoandikwa kwenye mpira, 12, 14, 16, 18, ni unene wake. Kila namba ni theluthi moja ya milimita, hivyo namba 16 ina kipenyo cha milimita 5 na kidogo. Mdomo wa mpira una rangi inayotambulisha namba: 12 ni nyeupe, 14 kijani, 16 rangi ya chungwa, 18 nyekundu. Watu wazima wengi wanatosheka na 14 au 16. Ukitumwa kununua duka la dawa, tazama namba, ujazo wa puto, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kwamba pakiti haijatoboka.

11. Daftari moja, kalamu moja

Mpira wenye puto huitwa Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeuunda katika miaka ya 1930. Muundo haujabadilika sana tangu wakati huo, ila malighafi imebadilika, na hilo ndilo linaloamua tarehe yako ya kubadilisha. Mpira wa lateksi ya kawaida hukaa wiki 2 hadi 4. Wa silikoni huweza kufika wiki 12. Ukimwona mgonjwa mwenzako anabadilisha kila baada ya miezi mitatu usimfuate kabla hujajua wako ni wa aina gani.

Andika: tarehe uliyowekewa, aina, namba, mililita za puto, tarehe ya kubadilisha. Andika pia siku ulizoziba. Kama mpira wako huziba kila wiki ya tatu, daktari atakupangia ubadilishwe kabla ya wiki hiyo, badala ya kukusubiri ukimbizwe usiku na bajaji. Mpira ukiziba mara kwa mara, daktari aangalie pia kama kuna mawe kwenye kibofu.

12. Mkojo wenye ukungu si lazima uwe UTI

Baada ya mpira kukaa mwezi mmoja, karibu kila mtu ana bakteria kwenye mkojo. Wamekaa tu, hawajamshambulia. Ukipeleka mkojo wake maabara watapatikana, na kama hana homa wala maumivu, mara nyingi hahitaji dawa yoyote. Desturi ya kumtuma kijana duka la dawa akalete sipro kila mkojo unapobadilika harufu inazalisha bakteria sugu, na siku ugonjwa wa kweli utakapokuja dawa zitagoma. Nawasihi ndugu wanaouguza: hilo liacheni.

Dalili za kweli ni homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya kiuno au tumbo la chini, kutapika, na kwa wazee kuchanganyikiwa ghafla au kulegea. Hapo nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Kipimo kikichukuliwa, kitoke kwenye mpira mpya uliotoka kuwekwa, si kwenye mfuko.

Na mfuko ukigeuka zambarau msidhani mtu ametupiwa kitu. Hutokea hasa kwa wanawake wenye choo kigumu. Bakteria fulani huvunja kemikali zilizomo kwenye mkojo na kutoa rangi ya nili. Rangi yenyewe haina madhara. Mwambieni muuguzi, tibuni choo kigumu.

13. Toka, safiri, swali, pendaneni

Mfuko si kifungo cha nyumbani. Mfuko wa mguuni unafichika chini ya suruali pana, kanzu, dera au kanga. Kama huna ila ule mkubwa wa lita 2, utie kwenye kikapu au mkoba wa kitambaa, uubebe mkono ukiwa umenyooka chini. Ukipanda bodaboda hakikisha mpira haukubanwa na kiti wala haugusi ekzosi.

Safari ya basi ya Dar kwenda Mbeya au Nairobi kwenda Mombasa inawezekana. Kata tiketi ya kiti cha kando ya njia. Basi likisimama abiria wachimbe dawa, nawe shuka umwage, hata kama mfuko uko nusu. Kwenye mkoba weka mfuko wa akiba, sabuni, plasta, chupa ya maji, na lile daftari. Na unywe maji njiani. Nimerudia tena, najua.

Muislamu mwenye mpira asiache swala. Wanavyuoni wameeleza hukumu ya mwenye udhuru, anayetokwa na mkojo bila kuweza kuuzuia: hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha akaswali. Namna ya kufanya na mfuko wenyewe, muulize sheikh unayemwamini. Kuhusu Ramadhani, onana na daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu kushinda bila maji kwa mtu mwenye mpira kuna hatari ya kuziba, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Tendo la ndoa nalo linawezekana, ingawa kliniki wengi wanaona haya kuuliza na wahudumu wanaona haya kusema. Mwageni mfuko kwanza, nyote muoge. Mwanaume hukunja mpira taratibu kuufuata uume, kisha huvaa kondomu juu yake. Mwanamke huubandika mpira tumboni kwa plasta. Tumieni jeli ya maji, si mafuta. Kwa wanandoa ambao jambo hili lina uzito kwao, upo mpira unaopitishwa tumboni, chini ya kitovu, ambao unaiacha njia ya chini huru kabisa. Uliza habari zake. Ukiwa nao, jambo moja ushike: ukichomoka, tundu huanza kujifunga haraka sana, hivyo funika kwa kitambaa safi ukimbie hospitali, usingoje kesho.

Ipo tahadhari moja ya kujua popote mlipo, nyumbani au safarini: waliovunjika uti wa mgongo juu ya katikati ya kifua wana hatari yao ya peke yao. Mpira wao ukiziba, huenda wasihisi kibofu kujaa. Badala yake kichwa kinagonga ghafla, uso unatoka jasho, presha inapanda kwa kasi, na huweza kufika kiwango cha kuua. Mkalisheni wima, legezeni nguo, nyoosheni mpira, mwageni mfuko, na kama haitulii mara moja mkimbizeni. Kila anayeishi na mtu wa namna hii, hata mtoto wa shule, ajue hayo. Kwa yeyote mwenye mpira, mabonge ya damu kwenye mkojo nayo ni safari ya hospitali.

14. Uliza utatoka lini

Watu husahaulika na mipira yao. Mzee anawekewa kwa dharura, anaambiwa arudi kubadilisha, anabadilisha, anarudi tena, na hakuna anayeuliza kama bado unahitajika. Mwenye tezi dume aliyebanwa mkojo kwa mara ya kwanza huweza kupewa dawa kama tamsulosin kwa siku chache, kisha mpira ukatolewa kuona kama atakojoa mwenyewe. Wapo wanaofaulu. Wasiofaulu wana njia ya upasuaji, na tarehe yake inafaa kudaiwa.

Kuna pia njia ya kujitoa mkojo mwenyewe: mpira mwembamba usio na puto unaingizwa mara 4 hadi 6 kwa siku, unatoa mkojo, unachomolewa. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba hilo hufanyika salama kwa mikono iliyonawa na mpira msafi, bila masharti ya chumba cha upasuaji. Leo hata watoto waliozaliwa na mgongo wazi hufundishwa kujifanyia. Kwa mwenye mikono inayofanya kazi, mara nyingi ni bora kuliko mpira wa kudumu, kwa sababu mtu hutembea siku nzima bila mfuko.

Basi kliniki ijayo, baada ya kubadilishiwa, usinyanyuke haraka. Sema: "Dokta, mpira huu unatoka lini, na kama hautoki, kwa nini?" Kaa hapo mpaka ujibiwe.